Carla Suárez Navarro: sentimita 162 na bekhendi ya mkono mmoja

Robo fainali saba za Grand Slam (mashindano manne makubwa ya tenisi: Melbourne, Paris, Wimbledon na New York), nusu fainali hakuna hata moja. Mtaje Carla Suárez Navarro mbele ya mtu anayefuatilia tenisi, na mara nyingi hilo ndilo atakalolitaja, kisha ataongeza kwamba bekhendi yake (pigo la upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia) ilikuwa tamu kuitazama. Yote mawili ni kweli. Ninachokipinga ni maelezo yanayofuata: kwamba alikuwa fundi asiye na roho ngumu, mtu wa kupendeza watazamaji na kuishia njiani. Ukipima urefu wa wavu, kimo cha mwili na mahali mpira unapodundia, unapata sababu nyingine, na hiyo ina maana zaidi kwa yeyote anayefundisha au kujifunza mchezo huu.

Alizaliwa 3 Septemba 1988 mjini Las Palmas, Gran Canaria, katika visiwa vya Hispania vilivyo jirani na pwani ya Moroko na Sahara kuliko Madrid. Kimo chake ni mita 1.62. Alipanda hadi nafasi ya 6 duniani tarehe 29 Februari 2016 na akacheza mechi zake za mwisho Novemba 2021. Ndani ya miaka hiyo alicheza fainali 11 za WTA (chama cha tenisi ya wanawake) za mchezaji mmoja mmoja na kutwaa mataji 2. Kwa mtu wa kimo hicho, mwenye pigo ambalo wenzake wengi wameliacha, nafasi ya 6 si kitu cha kuombewa radhi.

Tuanze na pigo lenyewe.

Karibu wachezaji wote wa juu wa kike hupiga bekhendi kwa mikono miwili. Mkono wa pili hufanya kazi mbili: unasukuma, na unautuliza uso wa raketi pale mpira unapochelewa kupigwa au unaporuka juu. Ukiuondoa mkono huo, umebaki na bega, kiwiko na kifundo cha mkono mmoja, na kila kitu lazima kiwahi. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mambo huenda hivi. Mara tu mpira unapotoka kwenye raketi ya mpinzani, mkono wa kushoto unaishika raketi shingoni na kuizungusha ili wa kulia upate mshiko mpya, kiganja kikiwa juu ya mpini. Mabega yanageuka mpaka mpinzani anaona sehemu ya mgongo wako. Mguu wa kulia unakanyaga mbele. Mpira unapigwa ukiwa umeutangulia mguu huo kwa karibu urefu wa kigasha, mkono ukiwa umenyooka, raketi ikitoka chini kwenda juu. Wakati huohuo mkono wa kushoto unavutwa nyuma ili kifua kisifunguke mapema.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kuchelewa: mpira unapofika usawa wa nyonga kabla hujaupiga, kifundo kinapinda na mpira unaelea, chakula cha mpinzani. La pili ni kufungua kifua: mkono wa kushoto ukizunguka pamoja na mwili, mpira unakwenda kulia kuliko ulivyoukusudia. La tatu ndilo lililomsumbua Suárez Navarro maisha yake yote uwanjani, yaani mpira wa juu. Mkono mmoja una nguvu kati ya kiuno na kifua. Kwa mtu wa sentimita 162 hapo ni takriban sentimita 90 hadi 120 kutoka chini. Mpira ukivuka bega, misuli inayousukuma ni midogo na pembe ni mbaya. Garbiñe Muguruza, mwenzake wa timu ya taifa mwenye mita 1.82 na mikono miwili kwenye mpini, aliupiga mpira huohuo kana kwamba uko kifuani, kwa sababu kwake kweli ulikuwa kifuani.

Njia za kuukwepa mpira wa juu ziko tatu, na hakuna ya bure. Unaweza kurudi nyuma mita mbili tatu ukausubiri ushuke, lakini umempa mpinzani uwanja mzima wa mbele na sasa unakimbia masafa marefu zaidi. Unaweza kusogea mbele na kuupiga ungali unapanda; hapo unahitaji macho na miguu isiyokosea, maana ukichelewa kidogo tu mpira unagonga ukingo wa raketi. Au unaukata kwa slaisi, yaani kwa mzunguko wa kurudi nyuma, ukaurudisha chini na taratibu, ukijinunulia muda. Suárez Navarro alizitumia zote, ila iliyompa jina ni ya pili. Katika siku zake nzuri alisimama karibu kabisa na mstari wa nyuma, akaupiga mpira ukiwa unapanda, na kuupeleka mstari ulionyooka wakati mpinzani anangoja wa kukatiza uwanja. Mapigo hayo mawili kwa mkono mmoja yana maandalizi yaleyale, na tofauti inaonekana dakika ya mwisho tu, mpira uko umbali gani mbele ya mguu. Mpinzani hana cha kusoma.

Wenzake wa mkono mmoja walikuwepo: Justine Henin aliyetwaa Roland Garros, Grand Slam ya Paris, mara nne, Amélie Mauresmo, Francesca Schiavone bingwa wa Paris 2010, Roberta Vinci aliyefika fainali ya US Open 2015. Henin naye hakuwa mrefu. Lakini Henin alikuwa na sevu (pigo la kuanzisha pointi) kali kuliko kimo chake kilivyoruhusu, na hapo ndipo njia zao zinapoachana.

Sevu ni hesabu. Wavu katikati una urefu wa mita 0.914. Kisanduku cha sevu kinaishia mita 6.40 ng'ambo ya wavu. Anayepiga yuko nyuma ya mstari ulio mita 11.885 upande wake. Chora mstari ulionyooka kutoka ukingo wa mwisho wa kisanduku, uuguse ukingo wa juu wa wavu, uendelee hadi kwa mpigaji: unafika kwake ukiwa na urefu wa mita 2.61. Anayeupiga mpira juu ya hapo ana dirisha, dogo, la kupiga moja kwa moja. Maria Sharapova, mwenye mita 1.88, alikuwa na dirisha hilo. Mtu wa mita 1.62, hata akinyoosha mkono na raketi na kuruka kidogo, anaukuta mpira karibu mita 2.45. Mstari ulionyooka kutoka hapo unapita ukingo wa kisanduku kwa zaidi ya nusu mita. Uvutano wa ardhi unasaidia, lakini kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo muda wa uvutano kufanya kazi unavyopungua. Kwa hiyo mfupi lazima aongeze mzunguko: slaisi inayokwenda pembeni, au topispini inayopinda juu ya wavu na kushuka. Mzunguko unakula kasi.

Sevu ya kwanza inavumilika. Shida ni ya pili. Sevu ya pili ya topispini kutoka kwa mchezaji mfupi hudunda na kupanda hadi kifuani mwa mpokeaji mrefu, yaani inampelekea mpira mahali anapopapenda, kwa kasi anayoipenda. Serena Williams, Sharapova, Petra Kvitová, Madison Keys: orodha ya wanawake waliokuwa wakisimama ndani ya mstari kungojea sevu ya namna hiyo ni ndefu, na hao ndio unaokutana nao kuanzia robo fainali. Raundi za awali unaweza kupoteza gemu zako mbili za sevu kwa seti na bado ukashinda, kwa sababu wewe nawe unamnyang'anya mpinzani tatu. Suárez Navarro alikuwa mpokeaji hodari na alijenga kazi yake juu ya hesabu hiyo. Kadiri droo inavyopungua, sevu za wapinzani zinakuwa nzito na zile tatu zinakuwa moja.

Ndiyo maana namwona kama mchezaji wa udongo kwa malezi lakini si kwa mwisho wake. Uwanja wa Roland Garros ni tabaka la vumbi la matofali la milimita 1 hadi 2 tu juu ya chokaa iliyoshindiliwa. Vumbi hilo linaufunga mpira: unapunguza mwendo na kupanda. Kupungua mwendo ni zawadi kwa bekhendi ya mkono mmoja, kwa kuwa unapata muda wa kugeuza mabega. Kupanda ni adhabu. Udongo unatoa kwa mkono huu na kunyang'anya kwa ule. Nyasi ni kinyume chake: mpira unabaki chini, mahali pa slaisi, ila unafika haraka. Wimbledon alifika 16 bora zaidi ya mara moja na hakuvuka. Uwanja mgumu usio wa kasi mno, wenye mdundo unaotabirika, ndio uliomfaa kuliko watu wanavyokumbuka. Kati ya zile robo fainali saba, tano zilikuwa Melbourne na New York.

(Kwa msomaji wa Nairobi: mpira kwenye mwinuko husafiri haraka na kudunda juu zaidi, ndiyo sababu kanuni za ITF, shirikisho la tenisi duniani, zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mtoto mfupi anayejifunza bekhendi ya mkono mmoja mjini humo kwa mipira ya kawaida anafundishwa kwenye mazingira magumu kuliko ya Barcelona. Mpeni mipira inayofaa kwanza, kisha ndipo mumlaumu.)

Paris 2008 ndiko dunia ilipomjua. Alikuwa na miaka 19, nje ya 100 bora, na droo kuu ya Grand Slam alikuwa hajawahi kuionja. Alianzia kwenye mchujo, maana yake alihitaji kushinda mechi tatu kabla mashindano yenyewe hayajaanza. Akashinda hizo, akashinda nne nyingine, akiwatoa Mauresmo mbele ya Wafaransa wenzake na Flavia Pennetta katika 16 bora. Ile ya Mauresmo ilikuwa mkono mmoja dhidi ya mkono mmoja, na mdogo ndiye aliyekuwa akiuwahi mpira. Jelena Janković akamsimamisha 6-3, 6-2. Mchezaji wa mchujo anayefika robo fainali anakuwa amecheza mechi saba kabla yake, idadi ambayo bingwa huicheza kwa mashindano mazima. Miguu inajua.

Januari iliyofuata, Melbourne, alikutana na Venus Williams raundi ya pili. Venus aliongoza 5-2 seti ya tatu na akawa na pointi ya mechi. Suárez Navarro akashinda 2-6, 6-3, 7-5. Mechi ile inaeleza jambo moja la mbinu: sevu ya Venus ilikuwa ya kutisha, lakini aliyesimama upande wa pili hakujaribu kuijibu kwa nguvu. Alikuwa anaikinga, raketi ikiwa na mwendo mfupi, mpira urudi ndani kabisa katikati ya uwanja. Ukiupeleka katikati unamnyima mpinzani pembe. Ni pigo lisilopata makofi, na kwa mwenye mkono mmoja ndilo la kwanza kujifunza katika kupokea, kwa sababu dhidi ya sevu nzito hakuna muda wa kubadili mshiko na kuzungusha raketi yote. Elena Dementieva alimtoa robo fainali.

Kisha zikaja fainali alizopoteza: Marbella 2009 kwa Janković, Marbella 2010 kwa Pennetta, na mwaka 2013 tatu mfululizo za udongo, Acapulco kwa Sara Errani, Oeiras kwa Anastasia Pavlyuchenkova, Palermo kwa Vinci. Tano, taji hakuna. Hapa ndipo maneno ya roho nyepesi yalipoanza. Tazama waliomshinda, hata hivyo. Errani na Vinci si warefu wala si wapigaji wa sevu za kutisha. Hesabu yangu ya wavu haiwahusu. Waliotumia kichwa ni wao: walimpelekea mipira ya juu ya topispini kwenye bekhendi, mmoja baada ya mwingine, au slaisi za chini zilizomlazimisha apige kutoka magotini, wakimnyima ule mpira wa kiunoni. Udongo uliwapa nyenzo. Huwezi kuita huo woga wakati adui anajua mlango uko wapi.

Jibu lake halikuwa kubadili pigo. Miaka hiyo alikuwa anafanya kazi Barcelona na kocha Xavier Budó, na kilichobadilika kinaonekana kwenye mechi zenyewe: alianza kuikimbia bekhendi. Yaani mpira wa juu unaokuja kushoto, anauzunguka kwa hatua ndogo za pembeni na kuupiga kwa forihendi, pigo la upande wa mkono wa raketi, kutoka kona ya bekhendi. Forihendi yake ilikuwa na topispini nzuri na haikuogopa urefu. Gharama yake ni kona nzima ya kulia kubaki wazi, kwa hiyo pigo hilo lazima liwe zito kiasi cha kumzuia mpinzani asiifikie kona hiyo kwa raha. Ni mazoezi ya miguu. Shule ya Kihispania huyafanya kwa kikapu: kocha hasimami ng'ambo ya wavu kupigishana, anarusha mipira kwa mkono kutoka karibu, mmoja kushoto, mmoja kwenye kona, mmoja mfupi, na mchezaji hapumziki mpaka kikapu kipungue. Mkono wa kocha unatoa mpira uleule kila mara, ndipo makosa ya miguu yanapojitenga na makosa ya raketi. Kocha anayepigishana tu hawezi kuyaona hayo.

Tarehe 3 Mei 2014, Oeiras hukohuko, taji la kwanza: Svetlana Kuznetsova 6-4, 3-6, 6-4. Fainali ya sita ya maisha yake. Wiki chache baadaye Paris alikuwa robo fainali tena, akapoteza kwa Eugenie Bouchard 7-6, 2-6, 7-5. Kati ya zile saba hii ndiyo iliyokuwa mikononi mwake.

Mwaka 2015 unahitaji somo la pointi, la sivyo hauelewiki. Orodha ya WTA huhesabu wiki 52 zilizopita. Pointi za mashindano fulani hukaa mwaka mmoja, kisha hudondoka, uwe umecheza au hujacheza. Machi na Aprili alifika fainali ya Miami, akimtoa Venus kwa 0-6, 6-1, 7-5 njiani, kisha Serena akamfunga 6-2, 6-0: pointi 650 za mshindi wa pili. Mei akafika fainali ya Rome kwa kumtoa Simona Halep, akaongoza seti dhidi ya Sharapova, akapoteza 4-6, 7-5, 6-1: pointi 585. Jumla 1,235 kwa mashindano mawili tu, bila taji. Robo fainali ya Grand Slam, kwa kulinganisha, ilikuwa na pointi 430. Hivyo ndivyo mtu asiyeshinda fainali anavyoingia kumi bora, na si ujanja, ni uthabiti wa kufika siku ya mwisho katika mashindano makubwa. Februari mwaka huohuo alikuwa amefika fainali ya Antwerp pia, akashindwa kuingia uwanjani kwa jeraha na Andrea Petkovic akapewa taji bila kupiga mpira.

Miezi iliyofuata mambo yalikwenda kombo. Wimbledon, akiwa ameorodheshwa wa 9, alitolewa raundi ya kwanza 6-2, 6-0 na msichana wa Latvia aliyepewa nafasi ya upendeleo, Jelena Ostapenko. Mpira wa Ostapenko ulikuwa tambarare na wa kasi, juu ya nyasi. Mkono mmoja haukuwahi hata mara moja. Kumbuka jina hilo.

Januari 2016, Melbourne, robo fainali, Agnieszka Radwańska alimfunga 6-1, 6-3. Februari, Doha, nusu fainali, Radwańska yuleyule: Suárez Navarro akamfunga 6-2, 6-0. Kilichotofautiana ni mipira aliyompa. Radwańska hakuwa na pigo la kukuua. Aliishi kwa kuchukua kasi yako na kuigeuza. Melbourne alipewa kasi hiyo. Doha alipewa mipira mirefu isiyo na haraka, na ule mfupi wa kwanza ukaadhibiwa. Fainali ikamletea Ostapenko, aliyekuwa na miaka 18. Seti ya kwanza ilikuwa marudio ya Wimbledon, 6-1 kwa mtoto. Kisha slaisi zikaanza kushuka. Mpiga mpira tambarare huupenda ule wa kiunoni. Ukimpa wa magotini, kila mara, lazima aunyanyue, na akiunyanyua kwa nguvu zake zote unatoka nje. 1-6, 6-4, 6-4. Pointi 900, na Jumatatu ya tarehe 29 akasoma jina lake katika nafasi ya 6. Taji lake kubwa kuliko yote alilipata kwenye uwanja mgumu, kwa silaha ya nyasi. Naliona hilo kuwa jibu tosha kwa wanaomhesabu kama mtu wa udongo.

Katika mchezo wa wawili wawili alikuwa na Muguruza. Stanford 2014 walitwaa taji, na Singapore 2015 walifika fainali ya mashindano ya kufunga msimu, wakapoteza kwa Martina Hingis na Sania Mirza. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi: mrefu anatoa sevu nzito, mfupi yuko wavuni akikata mpira kabla haujadunda. Kwenye wavu bekhendi ya mkono mmoja ni faida tupu. Mshiko uko tayari na mkono unafika mbali.

Kuna jozi ya tarehe ambayo watu wa takwimu huipenda. 3 Septemba 2013, siku alipotimiza miaka 25, robo fainali ya New York: Serena akamfunga 6-0, 6-0, dakika 52. Raundi kabla ya hapo alikuwa amemtoa Angelique Kerber kwa taibreki (gemu ya kuamua seti iliyofika 6-6) ya seti ya tatu. 3 Septemba 2018, miaka 30, usiku, uwanja uleule wa Arthur Ashe: Sharapova, ambaye alikuwa hajapoteza mechi ya usiku hapo katika 22, anafungwa 6-4, 6-3. Umri ulikuwa umempunguzia Sharapova makali, sawa. Lakini angalia sevu ya pili ya Suárez Navarro usiku ule: aliipeleka mwilini, siyo kona. Mrefu mwenye mikono mirefu anahitaji nafasi ya kuzungusha raketi. Mpira unaomjia kwenye nyonga unamfunga. Ni dawa rahisi, na laiti ingetumika zaidi mwaka 2013. Keys akamtoa robo fainali. Mwaka huohuo, Melbourne, alikuwa amegeuza mechi ya 16 bora dhidi ya Anett Kontaveit akiwa nyuma seti moja na 4-1, akashinda 8-6 ya tatu, kabla ya Caroline Wozniacki.

Mwishoni mwa 2019 alitangaza kwamba 2020 ungekuwa msimu wake wa mwisho. Janga la korona likausimamisha msimu. Tarehe 1 Septemba 2020 akatangaza kwamba ana limfoma ya Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu, na kwamba tiba ya kemikali ingechukua miezi sita. Aprili 2021 akasema amepona. Kwa mwanamichezo tatizo haliishi siku tiba inapoisha: misuli imepungua, pumzi imepungua, na ngozi ya kiganja iliyokuwa ngumu kwa mpini imelainika. Hilo la mwisho huwa linasahaulika na ndilo linaloanza kuuma.

Kurudi kulikuwa na njia yake kwenye kanuni. Mchezaji aliyekaa nje muda mrefu kwa ugonjwa anaruhusiwa kutumia nafasi aliyokuwa nayo alipoondoka, kwa idadi maalumu ya mashindano. Nafasi hiyo inakuingiza kwenye droo kuu. Haikulindi dhidi ya wakubwa raundi ya kwanza. Ndiyo sababu droo zake za 2021 zilikuwa kali hivyo. Paris alimpata Sloane Stephens, aliyewahi kufika fainali hapo: 3-6, 7-6, 6-4 kwa Stephens. Wimbledon alimpata Ashleigh Barty, namba moja duniani, mechi ya kufungua Centre Court siku ya Jumanne. 6-1, 6-7, 6-1. Barty aliendelea hadi kutwaa kombe, na katika mechi zake saba ni wanawake wawili tu waliomnyang'anya seti: Karolína Plíšková kwenye fainali, na huyu aliyetoka hospitalini miezi michache kabla. Seti ile ya pili ilikuwa slaisi kwa slaisi, kila mmoja akimngoja mwenzake aunyanyue mpira.

Tokyo, Julai, raundi ya kwanza ya Olimpiki, alimfunga Ons Jabeur wa Tunisia 6-4, 6-1, wiki chache baada ya Jabeur kufika robo fainali Wimbledon. Plíšková akamtoa raundi ya pili kwa seti tatu. New York alicheza na Danielle Collins, na Novemba akamalizia Prague na timu ya Hispania katika fainali za Billie Jean King Cup, kombe la timu za taifa za wanawake.

Tangu 2025 ni nahodha wa timu hiyo, akimrithi Anabel Medina Garrigues. Nahodha katika mashindano hayo hachezi. Anaketi kwenye benchi uwanjani na anaongea na mchezaji wake wachezaji wanapobadilishana upande, kwa kawaida sekunde 90. Katika fainali zake kila pambano ni mechi mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili, kwa hiyo uamuzi mzito ni nani umchoshe mapema na nani umhifadhi kwa ile ya tatu. Walio mikononi mwake, Paula Badosa, Jessica Bouzas Maneiro, Cristina Bucsa, Sara Sorribes Tormo, wote hupiga bekhendi kwa mikono miwili. Katika pambano lenye mechi tatu tu, mtu kama Bucsa, anayeweza kuchezeshwa mmoja mmoja na bado akarudi kwa ile ya wawili, ana thamani kuliko nafasi yake kwenye orodha ya WTA inavyoonyesha, na nahodha aliyecheza miaka mingi pande zote mbili hahitaji kuelezwa hilo.